Jinsi ya kuondoa viti vya pweza vya miiba kwenye matumbawe bila kuongeza tatizo: mwongozo kamili

Vikundi vingi vya pwani vinavyopambana na kiti cha pweza cha miiba, kiumbe chenye mikono mingi kinachokula matumbawe, hushindwa kwa namna ile ile. Inapangwa siku moja ya kampeni. Watu wengi wanaingia majini na visu na nondo, wanazunguka mwamba mzima, wanakatakata kila wanachokiona, picha zinapigwa ufukweni, mchezo umekwisha. Miezi michache baadaye wavuvi wanaleta habari kwamba matumbawe yanazidi kuwa meupe, na lawama zinaanza: serikali haikuleta vifaa, vijana hawakujituma, hoteli zimechafua maji.

Mara nyingi kosa liko kwingine. Eneo lilikuwa kubwa mno, njia iliyotumika haiui, na hakuna aliyerudi.

Mwongozo huu ni wa BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi na fukwe), kamati za wavuvi za shehia, askari wa hifadhi na wazamiaji wa vituo vya utalii. Unafuata kwa karibu utaratibu wa serikali ya Australia kwenye Great Barrier Reef, safu kubwa ya matumbawe ya huko, kwa sababu huko ndiko njia nyingi zilikojaribiwa na nyingi zikatupwa. Nimeupunguza uwafae watu wenye ngalawa, dumu la siki na mfuko mdogo.

Jambo moja kabla ya vifaa. Watu wanakiita kiumbe hiki kivamizi, lakini si mgeni kwetu. Jamii ya Acanthaster ni wenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na vikiwa vichache havina ubaya: hupendelea kula matumbawe yanayokua haraka, na hivyo kuyaachia nafasi yanayokua polepole. Balaa ni pale vinapofumuka. Kimoja kikubwa kinaweza kumaliza hadi mita 10 za mraba za matumbawe hai kwa mwaka. Kwa hiyo hamwendi kukimaliza baharini. Mnakwenda kukishusha hadi idadi ambayo mwamba unaihimili, na idadi hiyo inajulikana.

## Vitu vya kuandaa

Vya kuulia
- Siki ya kawaida ya mezani yenye asidi ya asilimia 4 hadi 5. Someni kibandiko. Esensi ya siki, ile kali inayozimuliwa kabla ya kutumika, msiiguse.
- Mabomba ya sindano ya mililita 50 au 60, au bastola ya chanjo ya mifugo. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Bastola ni ghali zaidi lakini hutoa kipimo kile kile kila mara, na mkono hauchoki.
- Sindano nene na ndefu za mifugo, na za akiba. Nyembamba hupinda kwenye ngozi ya kiti cha pweza kama kijiti cha kiberiti.
- Kulabu ya chuma yenye mpini usiopungua nusu mita.

Vya kujikinga
- Miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia, mapezi, suti au nguo nene za mikono mirefu.
- Glavu nene. Hizi ni za kupunguza michubuko tu. Miiba inapenya glavu.
- Chupa kubwa ya chai yenye maji ya moto, beseni na kibano. Sababu yake iko chini, kwenye sehemu ya mtu kuchomwa.

Vya kuhesabia
- Kamba ya mita 50 yenye alama kila mita 5, kibao cha plastiki na penseli, saa isiyoingia maji, maboya manne, na simu au kifaa cha GPS kwenye chombo.
- Dema (mtego wa samaki) moja kuukuu. Kazi yake mtaiona hatua ya 5.

Hesabu ya siki ni rahisi. Kipimo ni mililita 25 kwa kiti kimoja, kwa hiyo lita moja ingetosha viti 40. Ila nyingine humwagika, sindano huziba, mkono hukosea. Hesabuni viti 30 kwa lita.

## Hatua ya 1: Chukueni kibali kabla ya kulowana

Mtu anayeonekana majini na chupa ya hewa na kitu chenye ncha, kwa mbali ni mvuvi haramu. Na ndani ya eneo la hifadhi, kutoa kiumbe chochote bila ruhusa ni kosa hata kama nia ni njema.

Tanzania Bara, kama mwamba uko ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, Mnazi Bay au Silikanti Tanga, au kwenye maeneo tengefu kama Bongoyo na Mbudya, anzeni kwa mhifadhi wa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Nje ya hapo ni afisa uvuvi wa wilaya pamoja na BMU ya eneo. Zanzibar mlango ni Idara ya Uvuvi kupitia kamati ya wavuvi ya shehia. Kenya, hifadhi kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nje ya hifadhi, nendeni kwa BMU na ofisi ya uvuvi ya kaunti.

Barua iwe fupi: mwamba gani, watu wangapi, njia ipi, kuanzia lini hadi lini, nani atapokea takwimu. Ombeni kibali cha miezi kadhaa. Kibali cha siku moja kinawarudisha kwenye kampeni ya picha.

Mmefaulu hapa kama mna karatasi yenye muhuri ndani ya chombo, na wavuvi wa bandari jirani wameambiwa siku na saa. Msipowaambia, uvumi utawatangulia.

## Hatua ya 2: Hakikisheni ndicho, kisha hesabuni

Matumbawe huwa meupe kwa sababu mbalimbali, na siki inatibu moja tu.

Kiti cha pweza cha miiba huacha kovu jeupe pe lenye ukingo uliokatika wazi: huku mfupa mtupu, huku nyama hai yenye rangi yake. Baada ya siku kadhaa sehemu iliyoliwa kwanza hushika ukijani wa mwani. Ukisoma kovu kutoka penye kijani kwenda penye weupe unajua mlaji alikoelekea. Inama uchungulie chini ya ukingo mweupe kabisa. Mara nyingi yupo karibu, amejibana.

Konokono wa Drupella ni wadogo na hukusanyika kwa wingi shinani mwa tumbawe. Kovu lao lina ukingo uliochakaa, usionyooka. Hao siki haiwahusu. Huokotwa kwa mkono, tena kwa kibali.

Kupauka kwa joto ni kitu kingine kabisa. Matumbawe mengi hugeuka meupe kwa wakati mmoja, na ukitazama kwa karibu nyama bado ipo, imebaki bila rangi tu. Hapo hakuna cha kuondoa. Andikeni, pigeni picha, toeni taarifa, na msikanyage wala kutia nanga karibu.

Kiumbe chenyewe hakifanani sana na viti vingine. Kina mikono mingi, mara nyingi zaidi ya 10 na hata kufika 20, na mwili wote umefunikwa miiba ya sentimita 4 au 5. Vingi vina upana wa sentimita 25 hadi 35. Viti vyekundu vyenye vinundu vinavyolala kwenye nyasi bahari, vya buluu vyenye mikono mitano, na kile kinene kilichovimba kama mto wa kulalia, viacheni vyote. Mpeni kila mzamiaji picha ya kiumbe sahihi kabla hajashika sindano.

Sasa hesabu. Lazeni kamba ya mita 50 juu ya mwamba. Watu wawili waogelee taratibu, kila mmoja akikagua mita 2 za upande wake, akichungulia chini ya matumbawe na kwenye mianya. Hiyo ni mita za mraba 200. Rudieni mara 10 sehemu tofauti za mwamba, mtakuwa mmekagua mita za mraba 2,000, yaani hekta 0.2.

Kiwango kinachotumika Australia kama dalili ya mfumuko ni takriban viti 15 kwa hekta. Kwa kamba zenu 10, hiyo ni sawa na viti 3.

Tuseme mmeona 14. Gawanya 14 kwa 0.2, unapata 70 kwa hekta. Anzeni kazi. Tuseme mmeona 2. Msiue hata kimoja. Rudini kuhesabu baada ya miezi mitatu. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu walionunua siki tayari.

## Hatua ya 3: Chagueni eneo dogo kuliko mnavyotaka

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchana viti vingi vimejificha, hasa vidogo vya chini ya sentimita 15. Siku ya kwanza mnaona sehemu tu ya vilivyopo, hata mkiwa makini. Mkitawanya watu 20 kwenye mwamba wa kilomita mbili, kila kona itaachwa na vya kutosha kuendelea kula na kuzaa. Watu wale wale wakirudia hekta moja, wanaimaliza.

Hekta moja ni mita 100 kwa 100. Kwa watu wanne hadi sita wanaozamia kwa pumzi zao, hiyo inatosha. Mpango wa Australia hugawa mwamba katika maeneo ya takriban hekta 10, lakini wale wana meli, chupa za hewa na wazamiaji walioajiriwa.

Mtachagua hekta ipi? Watu hukimbilia palipoharibika zaidi kwa sababu panatia uchungu. Msifanye hivyo. Palipokwisha kuliwa hapana cha kuokoa, na walaji wenyewe wanahama. Chagueni penye matumbawe hai mengi, hasa yale ya matawi na ya meza ambayo kiumbe hiki huyapenda kwanza, na penye viti vilivyoanza kuonekana. Kama kuna sehemu ambako mkondo huchukua mbegu za matumbawe kwenda miamba mingine, au ambapo wazee wanajua samaki hukusanyika kuzaa, hiyo ipewe kipaumbele. Waulizeni manahodha, wanajua mikondo kuliko ramani.

Wekeni maboya kwenye pembe nne, nanga zake zikae mchangani. Andikeni GPS, na pia alama za nchi kavu kwa desturi ya wavuvi: mnara ukilingana na mnazi fulani. Betri ya simu itakwisha siku moja.

Mmefaulu hapa kama nahodha mwingine anaweza kuwapeleka pale pale bila ninyi.

## Hatua ya 4: Siku, saa na msimu

Fanyeni kazi wakati wa maji mafu. Bamvua huleta mkondo mkali, maji yenye vumbi la mchanga, na mzamiaji anayesukumwa huku ameshika sindano ni hatari kwake na kwa mwenzake. Kupwa kwa bamvua kunashawishi kwa sababu mtu anaweza kutembea juu ya mwamba, na hicho ndicho msichokitaka: kila hatua ni matumbawe yaliyovunjika.

Ingieni asubuhi mapema. Viti hula zaidi usiku, na alfajiri vingine bado havijarudi mafichoni.

Kuhusu msimu, kazi kubwa ifanyike kabla joto la kaskazi halijakolea, katika ule utulivu kati ya kusi na kaskazi. Viti hutaga maji yanapopata joto, karibu nyuzi 28, na jike mkubwa mmoja hutoa mamilioni ya mayai kwa msimu. Kila mmoja anayeondolewa Oktoba ana uzito kuliko anayeondolewa Aprili.

## Hatua ya 5: Kuchoma sindano

Kwa nini siki? Australia ilianza na kemikali zilizohitaji kuchoma kiti kimoja mara nyingi, mkono kwa mkono, hadi zilipopatikana chumvi za nyongo ambazo sindano moja inatosha. Chumvi hizo ni ghali na kuzipata huku ni shida. Majaribio yaliyofanyika Papua Guinea Mpya na kuchapishwa 2016 yalionyesha kwamba mililita 25 za siki ya mezani, zikichomwa mara moja, ziliua viti vyote ndani ya saa 48, maabara na baharini, bila madhara yaliyoonekana kwa viumbe wengine. Maji ya ndimu nayo yamejaribiwa Vanuatu na yanafanya kazi, lakini kukamua ndimu za viti 200 ni kazi ya harusi. Siki ni rahisi.

Kwa nini tusikate? Kipande chenye sehemu ya mwili wa kati kinaweza kuishi na kuotesha mikono mingine. Kisu kinaweza kuwaongezea hesabu.

Fanyeni hivi:

1. Jazeni mabomba nchi kavu au kwenye chombo. Siki isichanganywe na maji. Sindano zikae na vifuniko hadi mtu ameshuka majini.

2. Tembeeni wawili wawili, kwa mistari. Mmoja anachoma, mwingine anaangalia, anahesabu na kuandika. Jozi zifuatane sambamba kutoka boya hadi boya. Anayezurura ovyo atachoma kimoja mara mbili na kuruka vitatu.

3. Pimeni kwa macho kabla ya kugusa. Andikeni kundi: chini ya sentimita 15, 15 hadi 25, 25 hadi 40, au zaidi ya 40.

4. Kama kimejificha, tafuteni mkono unaoonekana. Si lazima mkitoe. Kama hakifikiki kabisa, tumieni kulabu kukivuta taratibu, na kama kinang'ang'ania matawi, kiacheni hadi mkirudi. Kuvunja tumbawe la miaka mingi ili kuua mlaji mmoja ni hasara tupu.

5. Chomeni kwenye kitako cha mkono, pale mkono unapokutana na mwili wa kati. Sindano iingie kwa mshazari, ndani ya mwili, isitokee upande wa pili. Sukumeni taratibu mililita 25 zote. Mkiona wingu linatoka chini au pembeni, sindano imepitiliza. Rudieni mkono mwingine. Kwa kiti kikubwa mno, cha zaidi ya sentimita 40, mimi hupendelea kuongeza dozi ya pili upande wa pili kwa tahadhari.

6. Kiacheni hapo hapo. Hakuna haja ya kukibeba. Samaki wanaokula mzoga hawadhuriki.

Siku ya kwanza fanyeni jaribio la dema. Chagueni viti 10 mlivyovichoma, mviinue kwa kulabu na kuviweka ndani ya dema kuukuu lililolazwa mchangani, mfunge mdomo. Rudini baada ya saa 48. Kiti kilichopata dozi vizuri huanza kulegeza miiba baada ya saa chache. Badala ya kusimama, inalala upande kama nywele zilizolowa. Kisha ngozi hutoa ute, hufanya malengelenge, mikono huachana. Kama 9 au 10 vimekufa, mkono wenu uko sawa. Kama nusu vinatembea, basi ama siki ni dhaifu, ama dozi inamwagikia nje. Rekebisheni kabla ya kuendelea. Bila dema msingejua, kwa sababu kilichopona hutambaa na kupotea.

Marufuku: mrututu, klorini, formalini, tindikali ya betri, dawa za wadudu. Mrututu umewahi kutumika huko nyuma na ukaachwa kwa sababu shaba ni sumu kwa matumbawe na viumbe wengine. Mtu akija na «dawa kali ya kuua haraka», mshukuruni na mmrudishe na dumu lake.

Jioni suuzeni mabomba na sindano kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Siki na chumvi hula chuma usiku mmoja.

### Kama hamna sindano

Kuvitoa nchi kavu kunafanya kazi pale viti vikiwa vichache na maji ni mafupi. Vivuteni kwa kulabu, vitieni ndani ya ndoo yenye mfuniko, visiburuzwe juu ya matumbawe. Ndani ya chombo hakuna mtu kuwa peku. Vizikeni juu ya mstari wa maji makuu, mbali na visima na njia za watoto, kwa sababu miiba iliyokauka bado inachoma. Njia hii ni ya polepole na inaumiza watu zaidi. Ichukulieni kama ya dharura.

## Mtu akichomwa

Atachomwa. Swali ni lini.

Miiba ina sumu. Maumivu huja papo hapo, makali kupita ukubwa wa jeraha, kisha uvimbe, na wengine hutapika kwa saa kadhaa.

- Mtoeni majini kwanza. Mtu anayetapika kwenye bomba la kupumulia anaweza kuzama.
- Ondoeni vipande vinavyoonekana kwa kibano. Msichimbe kwa kisu.
- Tumbukizeni sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto ya takriban nyuzi 45, yanayovumilika, kwa dakika 30 hadi 90. Yapimwe na mtu mwingine au kwa mkono usiochomwa, kwa sababu mwenye maumivu hajui anapoungua.
- Osheni kwa sabuni na maji safi.
- Akipumua kwa shida, akivimba uso au akizimia, ni mzio: hospitali mara moja, bila kusubiri maji ya moto. Mtu aliyewahi kuchomwa huko nyuma yuko hatarini zaidi.
- Hata kwa jeraha dogo, kipande kilichobaki ndani hutunga usaha. Aende zahanati, aulizie pia chanjo ya pepopunda.

Anayebeba chupa ya maji ya moto asiwe ndiye nahodha. Mtu akichomwa, mmoja anaendesha chombo na mwingine anahudumia.

## Hatua ya 6: Rudini, mrudi tena

Baada ya wiki mbili rudini hekta ile ile. Mtakuta vipya. Si uchawi wala uzembe: vilikuwepo, vilijificha, au vimetambaa kutoka jirani. Rudini tena baada ya mwezi, na tena.

Mtajuaje mmefika? Hesabuni dakika za kutafuta majini, msihesabu maiti. Mpango wa Australia huacha kuchoma pale wazamiaji wanapoona chini ya kiti 0.04 kwa dakika kwenye mwamba ambao matumbawe hai yamefunika chini ya asilimia 40, au chini ya 0.08 pale yalipofunika zaidi ya hapo.

Kwa mfano, watu 4 wametafuta kwa dakika 40 kila mmoja, jumla dakika 160. Zidisha kwa 0.04, unapata 6.4. Zidisha kwa 0.08, unapata 12.8. Kama mwamba wenu umechoka (matumbawe hai chini ya asilimia 40) na mmeona 5, simamisheni kazi, mbaki kukagua. Kama mmeona 20, endeleeni.

Viwango hivyo vilipimwa kwa wazamiaji wa chupa za hewa, ambao hukaa chini na kuchungulia vizuri. Ninyi mnaozamia kwa pumzi mnaona vichache zaidi, kwa hiyo tumieni 0.04 popote mlipo.

Dalili nyingine ya kufaulu ni makovu. Hekta ikitulia, makovu meupe mapya hupotea kwanza; yaliyopo ni ya kijani na ya kahawia tu. Matumbawe kuota upya huchukua miaka, msiyatafute mwezi ujao.

## Hatua ya 7: Andikeni, mpeleke

Kila siku ya kazi iwe na mstari mmoja daftarini: tarehe, eneo, watu, jumla ya dakika za kutafuta, viti kwa kila kundi la ukubwa, lita za siki, waliochomwa.

Makundi ya ukubwa yana maana. Viti huanza kuzaa vikiwa na umri wa miaka kama 2. Vikijaa vikubwa tu, mnapambana na kizazi kimoja na kazi ina mwisho. Vikianza kuonekana vingi vya chini ya sentimita 15, kizazi kipya kimeshatua na mjiandae kwa msimu mwingine. Hiyo ndiyo habari ambayo afisa uvuvi hawezi kuipata akiwa ofisini.

Nakala moja iende kwa aliyetoa kibali. Nyingine iende kwa watafiti: TAFIRI au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, na kwa Kenya ni KMFRI. Kikundi kinachopeleka takwimu za dakika na ukubwa huombewa bajeti kwa urahisi kuliko kinachopeleka picha za rundo la mizoga.

## Hesabu ikigoma kushuka

Mmerudi mara nne au tano, mkono uko sawa, dema linathibitisha, na bado mnaona 20 au 30 kwa dakika 160. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mwamba wa jirani. Kama umefumuka, hekta yenu inapokea wahamiaji kila siku. Msipanue eneo. Lipunguzeni hadi nusu hekta, mlinde matumbawe bora zaidi, na mwite BMU au hifadhi ya upande wa pili waanze kwao.

La pili ni walaji wa viti wenyewe. Samaki aitwaye kikande mkubwa hukishambulia, na kombe kubwa la baragumu, ambalo ni konokono wa baharini, hukila licha ya miiba yake. Makombe hayo yanauzwa kwa watalii barabarani, na vikande vinavuliwa hadi wadogo. Huko Great Barrier Reef miamba iliyofungwa kwa uvuvi imeonekana kupata mifumuko michache kuliko iliyo wazi. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha BMU, pamoja na ripoti ya siki, wekeni ajenda mbili: makombe ya baragumu yasiokotwe kwenye mwamba huo, na hekta yenu isivuliwe kwa kipindi mtakachokubaliana. Andikeni muhtasari, wasaini wote, mpeleke nakala ofisi ile ile iliyotoa kibali.